Msiba wa Mtu Aliye Hai

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1997, nilikuwa naanika dagaa nyumbani kwangu Mkuyuni nilipoletewa ujumbe kutoka Nansio: kaka yangu Bwire ameghairi kwenda India kupasuliwa. Mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba, na daktari wa Mwanza alikwisha kusema kwamba vidonge pekee havitamfikisha mbali. Nilimwachia jirani dagaa, nikafunga safari.

Kesho yake asubuhi meli iliondoka imejaa kreti za soda na mabunda ya mitumba. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na njia nzima nilipanga maneno. Hospitali ile ya India ilikuwa inalinganisha dawa mbili za kusimamisha moyo wakati wa kuunganisha mishipa mipya. Moja ni maji ya chumvi yaliyopozwa sana. Nyingine huchanganywa na damu ya mgonjwa mwenyewe. Zote zilikuwa zikitumika, ila walitaka kujua ipi huuacha moyo na nguvu zaidi unapoamka. Mgonjwa angeweza kukataa kushiriki na bado akapasuliwa.

Nansio, nilipoteremka, sikusikia mlio wa mashine ya kusaga ya kaka, aliyoinunua baada ya kupunguzwa kazi kiwanda cha pamba. Kwetu mashine hunyamaza palipo na msiba. Nilikimbia hadi uani. Moto wa matanga ulikuwa unawaka, kina mama wameketi mikekani, na katikati yao kaka, anakula viazi.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Karibu msibani, mwalimu. Marehemu ni mimi.”

Wifi Nyangeta, mkewe, alikuwa amewasimulia majirani aliyoyasikia kwa daktari: moyo wa mumewe utasimamishwa. Kwao hilo lilikuwa na maana moja tu, wakaja na unga wao. Kaka alishindwa kuwafukuza watu waliokuja kumlilia.

Jioni niliwaeleza yote. Kaka alisikiliza, kisha akauliza.

“Nikibadili mkanda wa mashine lazima niizime. Hilo naelewa. Lakini ya kuiwashia ninayo hendeli. Wao wana nini?”

Nilimwambia kwamba muda wote mashine nyingine itamsukumia damu. Damu ya uvuguvugu ikirudi moyoni, mara nyingi moyo huanza wenyewe. Ukisita, huamshwa kwa umeme kidogo.

“Basi nipewe ile ya damu. Maji ya chumvi wakawape samaki.”

Nikamweleza kwamba mgonjwa hachagui; dawa hupangwa kwa kura. Akaguna, lakini hakukataa. Ndipo wifi aliponigeukia.

“Dawa wachague wao. Moyo wake ukisimama kule, mimi huku nifanye nini?”

Kaka ndiye aliyemjibu.

“Usage. Siku hiyo usizime mashine.”

Asubuhi wifi alimwaga maji motoni. Mlio wa mashine ulitusindikiza mimi na kaka hadi gatini, naye akawa anageuka nyuma kuusikiliza. Nilikwenda kueleza dawa mbili, nikajifunza kwamba hata anayebaki nyumbani anahitaji kazi ya kufanya.

Wiki chache baadaye nilituma barua hii Nansio:

“Wifi mpendwa, wamepiga simu kutoka hospitali. Moyo wa kaka ulisimama, mishipa ikaunganishwa, ukaanza tena wenyewe. Alipewa dawa ipi hawasemi, maana bado wanalinganisha. Yeye anashikilia ilikuwa ile ya damu, na hakuna wa kumbishia. Ameuliza jambo moja tu: siku ile mlisaga?”