Kiraka cha Ufizi

Leo daktari wa meno ameniambia atakata ngozi ndani ya mdomo wangu, pale juu, aishone kwa ufizi wa chini.

Watu wangu, nilishuka kwa hicho kiti.

Ufizi wangu umerudi chini mpaka mizizi ya meno inaonekana, hiyo nakubali. Lakini mtu anashonwa kiraka kama suruali ya kuchumia majani chai?

Nilikuwa nimeenda Kericho na mama, awe shahidi. Akaninong'oneza, "Nyama ni yako, kisu ni chake, na bado unamlipa. Twende."

Tukiwa mlangoni daktari akauliza, "Unasugua meno na makaa ya mursik?"

Nikafunga mdomo haraka.

Mnajua yale makaa tunasugulia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Yanang'arisha meno sana.

Nani alimwambia? Nikamwangalia mama. Mama akaangalia dirisha.

"Hakuna mtu ameniambia," daktari akasema, akavuta mdomo wake wa chini. Ufizini kulikuwa na kiraka, kimepauka kidogo, kimefunika mzizi vizuri. "Mimi ni wa Boito, huku huku kwa mursik. Nilisugua na hayo makaa miaka yote ya shule, mpaka na mimi nikashonwa."

Basi, nikakubali kushonwa.

Nani mwingine hapa anasugua na makaa? Semeni ukweli.

Kwa sababu nilipogeuka nirudi kwa kile kiti, nilikuta mama ameshakikalia. Mdomo wazi, macho kwa daktari, na mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.