Kenge ya Shule

Kazini walimwita Dada Meno, ingawa katika maisha yake hakuwahi kung'oa jino hata moja. Kazi yake ilikuwa kumsaidia daktari: kumfunga mgonjwa kitambaa kifuani, kukoroga dawa ya kuzibia matundu, kushika mpira wa kunyonya mate, na kumtuliza mtu kati ya sindano ya ganzi na koleo, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye barua yake ya ajira. Dakika kumi hizo zilikuwa zake. Daktari alikwenda chumba cha pili kujaza mafaili, naye akabaki na mgonjwa aliyelala chali chini ya taa, macho yamemtoka pima, hajui mikono aiweke wapi.

Na mtu mwenye hofu husema. Miaka kumi na sita Dada Meno alikuwa amesimama kando ya kiti kile akisikia mambo ambayo wenye nayo hawakuwaambia hata wake zao. Tatizo lilikuwa moja: ganzi haisubiri. Msimulizi angefika penye utamu, "basi nikasukuma mlango, nikakuta", ulimi ukageuka sponji, daktari akaingia akivaa glavu, na habari ikaishia pale pale. Mgonjwa aliondoka na pamba mdomoni, akipunga mkono. Dada Meno alirudi nyumbani na milango kumi na minane iliyosukumwa kwa wiki, asijue hata mmoja ulikuwa na nini ndani.

Ndiyo sababu akaanzisha podikasti. Aliiita Kabla ya Ganzi, na salamu yake ya mwanzo ilitaja kliniki. Kidonda kikishapona, alimpigia mgonjwa na kumuuliza kwa adabu kama angependa kumalizia habari yake mbele ya maikrofoni, bila kutajwa jina. Wengi walikana kwamba waliwahi kusema chochote. Wachache walikubali, wakaja kwake Jumamosi saa tisa alasiri, wakaingizwa ndani ya kabati la nguo.

Kabati lilikuwa kubwa, la kurithi, na makoti yaliyomo yalimeza mwangwi vizuri kuliko studio. Dada Meno alikaa juu ya sanduku la safari, mgeni akapewa kigoda, magoti yakigusana. Adui alikuwa nje. Mumewe alikuwa fundi wa friji, na ukumbini mwao hazikukosekana friji nne au tano za wateja, kila moja ikinguruma kwa sauti yake. Walikubaliana kwamba angezizima dakika arobaini tu, asiharibu majaribio yake. Muda wote huo mume alisimama kwenye soketi, saa mkononi, kama refa anayetamani mechi iishe.

Wasikilizaji walikuwa arobaini na mmoja. Kumi na wawili kati yao walikuwa ndugu, na hao hawakuwa na hiari. Mama yake alisikiliza kila kipindi, kisha akampigia kumwambia kwamba amesalimia haraka mno, watu watadhani hakulelewa.

Mambo yalibadilika siku alipokuja Karani. Alikuwa mzee mwembamba, karani mstaafu wa shule, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola kwa ndani. Gego lake lilikuwa limeoza. Alichomwa sindano, daktari akatoka, na Karani akaanza kuitazama ile sinia ya vyuma kama mtu anayesoma hukumu yake.

"Binti yangu," akasema, "nikifia hapa, kuna jambo moja nilifanya."

Dada Meno alimhakikishia kwamba hakuna aliyewahi kufa kwa gego, ila akasogea karibu. Karani akafumba macho. Ganzi ilikuwa imeshamshika nusu ya ulimi.

"Niiiba kenge ya shue," akasema.

Hapo hapo daktari akaingia.

Mwisho wote wa wiki Dada Meno hakutulia. Aliiba kenge ya shule. Shule gani hufuga kenge, na mtu akimwiba humpeleka wapi? Mumewe, akiwa kifudifudi nyuma ya friji, alisema huenda ni shule yenye bustani ya wanyama. Mama yake alisema wazee wa siku hizi hawaaminiki. Jumatano Dada Meno akapiga moyo konde, akampigia Karani simu. Kwanza mzee alikana. Pili akanyamaza. Tatu akauliza kama hilo kabati lina hewa ya kutosha.

Haikuwa kenge. Ilikuwa kengele, ganzi ilikuwa imemeza kile kipande cha mwisho. Ndani ya kabati, akishikilia kofia yake magotini, Karani akasimulia jinsi ofisi yake enzi za ujana ilivyokuwa hatua tatu kutoka kengele ya shule, na jinsi mwalimu wa michezo alivyoipiga kila baada ya dakika arobaini kwa nguvu za mtu anayezima moto. Miaka minne alivumilia. Ijumaa moja, shule ikiwa tupu, akapanda ngazi, akaifungua, akaivingirisha kwenye pazia na kwenda nayo kwake. Alitaka masikio yapumzike siku mbili tu. Jumatatu angeirudisha kabla ya mtu kufika.

Lakini Jumatatu mwalimu wa zamu, dada mmoja kijana mkali kama wembe, alifika saa kumi na mbili. Kufikia saa mbili ilikuwa imeundwa kamati ya kuitafuta kengele, na Karani, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, akateuliwa katibu.

"Ningerudishaje?" akauliza kwa uchungu. "Nilishaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mwizi ni mtu asiye na haya."

Wiki tatu shule iliishi bila saa. Kuna darasa lilifundishwa hesabu kuanzia asubuhi hadi mchana, kwa sababu mwalimu wa hesabu hakuona dalili ya kuacha. Kamati ilikaa vikao kumi na kimoja, na vyote Karani aliviandika kwa uaminifu, "kikao kilifunguliwa saa nne kamili", mpaka ikanunuliwa kengele nyingine, yenye sauti mbaya zaidi. Ile ya kwanza aliigeuza, akaitia udongo, na sasa ilikuwa na maua barazani kwake.

Kipindi kikatoka Jumatatu. Alhamisi mama mmoja aliingia kliniki bila miadi, mkoba mkononi kama ngao, akakaa moja kwa moja kwenye kiti cha wagonjwa. Daktari alipomwomba afungue mdomo, alijibu kwamba meno yake yote yapo na hayana shida na mtu. Amemfuata mwenye kabati.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kabla ya kuwa mkuu alikuwa yule mwalimu wa zamu wa Jumatatu ile. Mjukuu wake ndiye aliyemfungulia podikasti kwenye simu akiwa anapepeta maharage. Sauti hakuitambua, lakini aliposikia "kikao kilifunguliwa saa nne kamili", maharage yalimwagika sakafuni.

Dada Meno alianza kuomba radhi kwa niaba yake, ya Karani na ya kabati. Yule mama akamkatiza.

"Mlete huyo mtu," akasema. "Na hicho chombo chako kiwe kimewashwa."

Jumamosi hiyo kabati lilibeba watu watatu. Karani alikuja na tai shingoni. Mwalimu Mkuu alipewa kigoda, Karani akabaki amesimama kati ya makoti, mkono wa koti moja ukimgusa sikio, wala hakuthubutu kuusogeza. Dada Meno alitegemea kilio, au walau makofi. Alichopata ni ukaguzi. Mwalimu Mkuu aliuliza ngazi ilitoka wapi, pazia lilikuwa la dirisha gani, na kwa nini kikao cha sita kiliandikwa kwamba yeye "alifoka", wakati alisema kwa msisitizo. Karani alijibu yote akiwa ameangalia viatu vyake; ngazi, alisema, aliiazima kwa jirani. Kwenye hilo la kufoka akakiri kwamba alitia chumvi.

Kisha Mwalimu Mkuu akashusha sauti.

Mwalimu wa michezo, alisema, alikuwa amemposa yeye mwaka ule. Watu wote walijua. Kengele ilipopotea, mshukiwa wa kwanza alikuwa mwalimu huyo, maana ufunguo wa stoo ya ngazi ulikuwa kwake. Basi Mwalimu Mkuu akamkataa, akamwambia hawezi kuolewa na mtu mwenye tuhuma. Mwalimu wa michezo akaomba uhamisho, akaenda mji mwingine.

Karani alifunika uso kwa kofia. Kutoka ndani yake ilisikika sauti ikisema kwamba basi yeye amevunja ndoa.

"Hukuvunja kitu," Mwalimu Mkuu akasema. "Nilikuwa simtaki. Alikuwa anacheka vichekesho vyake kabla hajavimaliza. Nilikosa namna ya kumwambia mtu mwema jambo kama hilo, ndipo kengele ikapotea. Mimi nilijua si yeye. Nilijua siku ile ile."

Miaka yote hii Dada Meno alidhani watu hutaka kujua nani aliiba. Kumbe mbele yake alikuwa amekaa mama aliyefurahia wizi, na aibu hiyo ameibeba peke yake mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Aliunyoosha mkono kuzima maikrofoni. Mwalimu Mkuu akaushika.

"Acha. Labda naye anasikiliza."

Wakati huo huo dakika arobaini zikaisha. Mume, mtu wa makubaliano, akawasha friji zote tano kwa pamoja, na kilio cha kwanza cha Karani kikapotea kwenye mngurumo.

Kabla hawajaachana, Mwalimu Mkuu alidai kumbukumbu za vikao zirekebishwe. Karani aliandika hapo hapo, juu ya friji, kwa ule mwandiko wake: kwamba mwizi alikuwa katibu, na kwamba mwalimu wa zamu hakufoka. Wakatia sahihi wote wawili. Mume wa Dada Meno alitia sahihi kama shahidi, bila kujua ya nini.

Kipindi hicho kilisikilizwa na watu mia tisa. Siku ya sita ukaingia ujumbe kutoka mji mwingine. Ulianza na "ha ha ha", mstari mzima, kabla ya neno lolote. Halafu mwenye ujumbe akaeleza kwamba ana wajukuu wanane, kwamba hana kinyongo, na kwamba mtu wa kumshukuru kwa ule uhamisho hakuwa akimjua mpaka sasa. Dada Meno alimsomea Mwalimu Mkuu kwenye simu. Upande wa pili pakasikika mtu anayejitahidi asicheke.

Kliniki, hata hivyo, hapakukalika. Watu walianza kuja na meno mazima. Walilipia kumwona daktari, wakalala kwenye kiti na kuanza kusimulia kabla hata taa haijawashwa. Mmoja alidai gego linauma, akaguswa upande wa kushoto, akasema ni la kulia, mradi apate muda wa kumaliza. Daktari, mtu mpole asiyeinua sauti, akamwita Dada Meno chumba cha mafaili. Alimwambia hamkatazi mambo ya kabatini, lakini kuanzia kesho kati ya sindano na koleo pawe kimya.

Ukimya ulidumu siku nne. Siku ya kwanza mgonjwa mmoja alizimia. Siku ya tatu fundi bomba, jitu la miraba minne, lilishindwa kuivumilia ile sinia bila mazungumzo, likashuka kwenye kiti na kukimbilia barabarani na kitambaa kifuani, nusu ya uso imelala. Daktari mwenyewe alimfuata hadi kituo cha basi akiwa na glavu. Waliporudi, wote wawili wakihema, hakwenda kwenye mafaili. Alivuta stuli, akakaa, akamwomba Dada Meno aendelee kama zamani.

Fundi bomba alianza kueleza habari ya nyumba moja aliyoitwa kuzibua bomba, na kitu alichokishika mkono wake ulipofika kwenye kona. Ulimi ulikuwa unamzidi uzito. Daktari alitazama saa, akatazama koleo, kisha akaliweka chini.

"Halafu ikawaje?" akauliza.