Mteja Asiyekunja Magoti

Usiniulize kama niliota. Ilikuwa saa nane ya mchana, jua linachoma mabati, nami nilikuwa na pini nne mdomoni. Mtu mwenye pini nne mdomoni hasinzii. Wapo walioniambia ni vita, eti miaka ile kila mtu alikuwa akiona mambo. Sawa, vita ilikuwepo. Lakini vita niliiona kwa macho haya, na yule mwanamke nilimwona kwa macho haya haya, na sijawahi kuchanganya kimoja na kingine.

Mimi ni fundi wa kushona, wa mtaa wa Buyenzi, tangu usichana wangu. Wakati huo mume wangu alikuwa amekwama Kigoma kikazi, nikabaki na binti yetu mmoja, Shemsa, wa miaka tisa. Uani tulikaa na Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, muuza ndagala, hao dagaa wa ziwani, mwanamke wa kanisa na wa kucheka, na mtoto wake mchanga mgongoni.

Shemsa alikuwa na doli, lilitoka Kinindo, mtaa wa wenye nacho. Nilikuwa nimemshonea mapazia mama mmoja wa Kizungu, na hali ilipochafuka alifunga mizigo yake kwa siku moja. Wakati wa kuniaga akanipa mfuko wa vitu vya binti yake: madaftari, viatu, na hilo doli. Pupe, watoto wetu waliita. Si doli la mtoto mchanga, la kubebwa na kubembelezwa. Lilikuwa mwanamke mzima, urefu wa kiganja na nusu, nywele za manjano mpaka kiunoni, kiuno chenyewe nakishika kwa vidole viwili. Nyayo zake zilikuwa zimekunjwa kama za mtu anayechungulia dirishani. Ukilisimamisha, linaanguka.

Nikuambie kweli, nililipenda kuliko mtoto alivyolipenda. Nililishonea magauni kwa vipande vya vitambaa. Kila gauni likimalizika, namwita Shemsa. Ona mwanamke alivyo, namwambia. Ona kiuno. Wewe ukila hivyo utakuwa pipa. Toka kwenye jua, unazidi kuwa mweusi, nani atakutazama? Na mimi mwenyewe kila usiku nilijipaka mkorogo wa kung'arisha ngozi mbele ya mtoto, nikijitazama kwenye kioo cha kabati.

Je, nilikuwa mama mbaya? Hayo yalikuwa maneno ya kila siku. Mama yangu aliniambia mimi, na jirani aliwaambia wake. Jioni watu walipofungiana ndani na milio ya risasi ikaanza kule milimani, Shemsa aliingia chini ya kitanda na doli lake, nikimsikia ananong'ona. Nilimshukuru Mungu kwamba mwanangu ana kitu cha kushika.

Kisha akaanza kutembea kwa ncha za vidole. Nikadhani ni mchezo. Akajifunga kitambaa changu tumboni, akakikaza mpaka kikaacha alama. Akapunguza kula. Miaka ile chakula kilikuwa cha kutafuta, nami, Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi kwamba mtoto haombi kuongezwa. Baadaye hata kile kidogo akakisukuma pembeni. Siku moja nikamkuta ameufungua mkorogo wangu, amejipaka usoni mpaka ngozi imewiva. Nikampeleka zahanati. Nesi akapima damu, malaria hakuna, minyoo hakuna. Akaniuliza kama mtoto ameona watu wakiuawa. Nikasema hapana. Mwezi wa pili wa kutokula, mifupa ya mabega ilionekana juu ya shati, na alikuwa akishika ukuta ili asimame.

Basi, ilikuwa Jumanne. Shemsa amelala chumbani, Mama Furaha yuko sokoni. Nimeinama kwenye cherehani, nikaona kivuli kimeziba mlango.

Alikuwa mwanamke mrefu, mweupe, si weupe wa Kizungu wala wa Kiarabu, weupe wa beseni jipya la plastiki. Hata harufu yake ilikuwa hiyo, ya beseni jipya. Hakutokwa na jasho, na nje mbuzi walikuwa wakihema. Nikatema pini, nikamkaribisha, nikamsogezea kigoda. Hakukaa. Nikamwamkia kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kifaransa changu cha kuokota. Badala ya kuitikia akainua mikono yote miwili mbele, sawasawa, kama mtu anayesubiri kupimwa.

Kazi ni kazi. Nikachukua utepe wa kupimia. Nikaanza na mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana. Si kwamba alivibana, la. Hakukuwa na nafasi kati ya kidole na kidole, ila mistari tu, na kidole gumba peke yake pembeni. Nikajiambia ameungua utotoni. Nikazungusha utepe kiunoni. Niamini, nimepima wanawake wa mji huu tangu ujana wangu, nimepima mabibi harusi waliofunga kula, na sikuwahi kuona namba ile. Paja langu lilikuwa nene kuliko kiuno chake. Nikasimama kwenye kigoda nipime shingo, nikazisogeza nywele. Kichwani palikuwa na vitundu, safu kwa safu, kama mahindi ya mkulima makini, na kutoka kila kitundu fungu la nywele za manjano.

Nilitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka. Na kabla sijashuka kwenye kigoda, sauti ikatoka kwake.

"Gauni ni ya mutoto wako," akasema. "Shona kwa kipimo yangu. Ataingia."

Mdomo wake haukufunguka. Ulikuwa umechorwa, tabasamu jekundu lisilosogea. Na ile sauti niliijua. Ilikuwa sauti yangu mimi, na ule mkwaruzo wangu wa fundi aliyezoea kuongea na pini mdomoni. Nikamuuliza nani amemtuma kwa mwanangu. Akajibu kwa sauti hiyo hiyo: "Ona kiuno. Ukila hivyo utakuwa pipa. Toka kwenye jua. Nani atakutazama?" Neno kwa neno. Akaongeza kwamba atarudi Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Akageuka bila kukunja magoti, akatoka kwa ncha za vidole.

Mama Furaha aliporudi alinikuta nimekaa chini. Nilimsimulia yote. Hakucheka. Alisema tulichome hilo doli mara moja, na kwamba atawaleta wamama wa kanisa waombe. Mimi nilikuwa nishachukua kiberiti. Nikalishika doli, jepesi, macho yamechorwa, halina habari na mtu. Nikajiuliza: nikilichoma hili, ile sauti nayo itaungua? Ile sauti haikuwa ya doli. Nikarudisha kiberiti jikoni.

Usiku ule nilimwaga mkorogo wangu kwenye choo cha shimo. Kisha nikaingia kwa Shemsa, nikakaa sakafuni ili uso wangu uwe chini ya wake. Nilimwambia nimekosea. Kumwambia mtoto wa miaka tisa kwamba umekosea si jambo jepesi kwetu. Nilimwambia yale yote niliyosema juu ya jua na tumbo na kiuno yalikuwa upumbavu, na aliyeyasema si doli, ni mimi. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama bado nampenda akiwa mweusi. Nililia mpaka Mama Furaha akagonga ukuta.

Kesho yake nikampima. Vitambaa vilikuwa adimu kama chumvi wakati huo, lakini nilikuwa na kitenge kimoja sandukuni, cha harusi yangu, hakijaguswa. Nilipima kwa sauti. Nilipofika mabegani, nikamwambia haya ni ya bibi yako, aliyembeba mdogo wake mgongoni siku nzima wakati wanakimbia. Nilipofika kwenye nyayo, nikamwambia hizi ni za baba yako, pana, haziogopi mawe. Alikuwa amekonda, lakini sikumshonea yule aliyekonda. Nilimkatia Shemsa wa kabla ya doli, na kwenye mishono nikaacha kitambaa cha akiba, vidole viwili kila upande, cha kufungua akinenepa. Jioni Mama Furaha alileta ndagala na bugali, akakaa naye, akala kwa mikono yote miwili, anasimulia vituko vya sokoni. Shemsa alikula tonge tatu. Tonge tatu! Nilizihesabu kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya milio.

Ijumaa ikafika. Adhana ikalia, wanaume wakapita na kanzu zao, barabara ikabaki tupu. Shemsa amevaa gauni, linampwaya kila mahali, amekaa kwenye kigoda na sahani ya maharagwe. Mama Furaha yuko uani, na Biblia yake na mchi wa kinu, kwa usalama, alisema.

Kivuli kikaziba mlango.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Mgeni akainua mkono wake wa vidole vilivyoshikana, akamwelekezea mwanangu, na sauti yangu ikaanza kutoka. Ona kiuno. Toka kwenye jua. Nikasema: "Apana. Ile sauti ni yangu, na mi sisemi tena vile." Ikakatika kidogo, kama redio inayopoteza mawimbi. Ikaanza tena. Nikaisemea juu yake, nikamwambia Shemsa kwa nguvu, mbele ya yule kiumbe, kwamba yeye ni mzuri, mzuri wa kwetu, kwa mabega yake na nyayo zake. Kila nikisema, ile nyingine inapungua.

Hapo Shemsa akaweka sahani chini. Hakuwa na hofu. Alimtazama yule mwanamke kama anavyomtazama mtoto mgeni shuleni, kuanzia chini kwenda juu. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa:

"Risasi ikilia, we unakimbiaka namna gani na miguu hiyo?"

"Unakulaka nini?" akauliza tena. "Ukichoka, unaikala wapi?"

Kimya. Unaelewa kwa nini? Hakuwa na sauti ila yangu, na katika maneno niliyokuwa nikiyasema mbele ya doli hapakuwa na lolote juu ya kukimbia wala kuchoka. Alisimama pale na tabasamu lake lililochorwa, akaanza kuyumba, maana hapakuwa na kitu cha kumshikilia.

Shemsa akasimama, kwa nyayo zote mbili, visigino chini. Akasogeza kigoda chake mpaka kwa mgeni. "Kaa basi," akamwambia. Yule hakuweza kukaa. Mwanangu akanigeukia, akasema maneno ambayo nitayabeba mpaka kaburini: "Mama, mi siwezi kuvaa kipimo yake. Vita ikikuja, tutakufa."

Akarudi kwenye sahani yake, akakaa sakafuni, akala yote.

Mgeni aligeuka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Kwenye vumbi la barabara palikuwa na vitobo vidogo vidogo, viwili viwili, kama vya fimbo ya mzee, vikaenda mpaka kona, na kwenye kona vikaisha. Si kwamba vilichanganyika na nyayo za watu. Viliisha tu. Mama Furaha aliviona pia, muulize, yuko hai. Tulishikana mikono, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka watu wakatoka msikitini wakatukuta tumekaa chini kwenye mlango wangu, tunacheka na kulia, na Mama Furaha bado ameshika mchi.

Doli? Wala halikupotea. Shemsa alilifanya la kuzungushia nyuzi zangu, miguu ilifaa kweli. Lilikaa kwenye meza ya cherehani miaka, bubu kama kijiko.

Baada ya miezi mitatu nilifungua mishono ya lile gauni upande mmoja. Kabla ya mwaka kwisha, upande wa pili. Na asubuhi ile milio ilipokaribia kwetu, tulipokimbia kuelekea ziwani, aliyekuwa mbele yetu ni Shemsa, mtoto wa Mama Furaha mgongoni kwake, pekupeku, nyayo zinapiga lami paa, paa, paa, anatuita tusibaki nyuma. Tulifika wote. Leo ni mwalimu, mnene, mweusi, sauti yake inasikika madarasa matatu.

Mimi kimenibakia kitu kimoja. Siwezi kuisikia sauti yangu. Wajukuu wakinirekodi kwenye simu, wakicheza kunisikilizisha, natoka chumbani. Wanadhani ni utani wa bibi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa mtaa wa Rohero, na binti yake wa miaka minane, nimshonee gauni la sherehe. Akaniambia mbele ya mtoto nimkaze kiunoni, labda ataona aibu apunguze kula. Nikaweka mkasi chini, nikawapa viti, nikawasimulia kama ninavyokusimulia, ila habari ya ile harufu sikuitaja. Yule mama alicheka sana. Binti hakucheka. Aliniuliza kama yule bibi alikuwa ananuka beseni jipya.

Mama yake akaacha kucheka.

Nilimwambia kile ninachokuambia wewe. Doli unaweza kulitupa leo, na utakuwa hujatupa kitu. Nenda nyumbani, kaa chini mbele ya mtoto wako, ufute kwa mdomo wako mwenyewe yale uliyoyasema. Yafute yote, moja moja. Usiogope kuona haya. Mimi niliona haya usiku mmoja tu, na mwanangu yuko hai.