Mzee wa Koti Jeusi kwenye Kona za Nandi

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitaki unikatize. Haya sikusimuliwa na mtu. Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa dereva wa lori, nikiteremsha majani chai kutoka Nandi Hills hadi Kisumu, na shemeji yangu Ouma ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kupakia.

Barabara ile unaijua? Juu ni chai na baridi. Ukianza kuteremka, bonde lote linafunguka: miwa mpaka Muhoroni, moshi wa kiwanda, na mbali kabisa ziwa, linang'aa kama bati jipya. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali. Mzee mmoja wa koti jeusi akatupungia mkono. Tukambeba, akaketi katikati yetu.

"Dereva, angalia ziwa," akasema.

Nikatazama. Kurudisha macho, kona hii hapa. Niliikata kwa shida.

"Angalia ziwa," akarudia, kwa upole uleule.

"Mzee, wacha niendeshe. Ziwa nalijua, nimezaliwa huko."

Basi, niamini, alinishika kichwa kwa mikono miwili akakizungushia dirishani kwangu, kule kwenye bonde. Nilisikia shingo ikilia. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki wa jana. Ouma alimpiga ngumi za uso mpaka akachubuka vidole, na mzee hakupepesa jicho. Magurudumu yalikuwa yameshapanda majani ya ukingoni. Ouma akachomoa panga nyuma ya kiti, akamkata kifundo cha mkono, mara mbili, mara tatu. Umeona wapi mtu akikatwa mkono asitoe tone la damu?

Nikakanyaga breki, lori likagonga mwamba. Kuangalia, kati yetu hakuna mtu, na milango imefungwa. Lakini kile kiganja kilikuwa bado shavuni kwangu, kinabana. Ouma alikibandua kidole kimoja kimoja, huku analia, akakitupa bondeni.

Polisi walianza kwa kutunusa midomo. Askari mmoja mzee ndiye aliyeuliza, "Aliwaambia muangalie ziwa?" Tulipoitikia, akafunga kitabu chake.

Ouma hakupanda gari tena mpaka alipokufa. Hata mazishi ya jamaa kule Bondo aliyaendea kwa miguu. Mimi shingo haikurudi. Ukiniona kanisani nimetazama ukuta wakati pasta anahubiri, usidhani ni dharau.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, kwenye kona zile usibebe mtu, hata akiwa mzee wa kuhurumiwa. Kaza macho barabarani. Ziwa utaliona ukifika Kisumu.