Baraka ya Kuhama Lodwar

Ada ya leseni ya biashara ilipopanda mara ya pili, kinyozi aliyepakana na binti yangu alibeba kiti chake na vioo viwili, akahamia Lorugum. Baada yake akaondoka fundi wa simu. Binti yangu alibaki na cherehani yake katika safu ile ya vibanda vya mabati hapa Lodwar, akilipa leseni, akilipa ada ya ubao ulioandikwa kazi yake, akilipa na ya takataka. Nilimfundisha tangu utotoni kwamba mwamini hulipa kodi bila kunung'unika, na kweli hakunung'unika. Alikuja tu siku moja akaniambia anahamia Kalobeyei, karibu na Kakuma, ambako vibanda vilitozwa kidogo kuliko vya mjini.

Habari hizo alizipata kwa rafiki yake, mama wa Sudan Kusini anayeuza vitenge Kakuma. Walifahamiana katika mkutano wa akina mama wa kanisa. Mama huyo alikuja mwenyewe na pikapu na dereva kumchukua. Nilimuuliza kama huko Kakuma hawalipi kodi.

"Tunalipa, mzee," akasema. "Lakini kwetu ukimaliza kulipa, pesa ya unga inabaki."

Tangu mke wangu alale katika Bwana, ni binti huyu niliyeishi naye. Alitaka twende wote. Nilimwambia nina kazi ya kanisa, nikamshukuru kwa miaka aliyonipikia. Nikangoja huzuni ije, haikuja. Nilimaliza chai yangu.

Asubuhi ya kuondoka majirani walikusanyika kwa ajili ya baraka. Sisi Waturkana hatumwachi mtoto aende mbali hivihivi. Mzee huuliza, watu hujibu kwa pamoja, na kila jambo hutajwa kana kwamba limekwisha kutimia. Likishajibiwa, limefungwa. Wako waumini wasioipenda desturi hii. Mimi huianza kwa jina la Yesu, na dhamiri yangu imetulia.

Binti yangu alipiga magoti kando ya pikapu. Nilishika kikombe cha maji.

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

"Mbuzi wamezaa?"

"Wamezaa."

"Ugonjwa umeondoka?"

"Umeondoka."

"Mtoto huyu amebaki?"

"Amebaki," wakajibu wote.

Nilikusudia kusema amefika. Wao walijibu kwa mazoea, kisha wakasikia walichojibu. Dereva akazima injini. Bibi mmoja jirani, mkubwa kwangu kwa umri, akasema, "Umemfunga, mzee. Haya, shusheni cherehani." Mmoja akacheka, akaacha.

Binti yangu hakuinuka.

"Apa," akaniita, kama alivyoniita baba tangu mdogo, "ukisema nibaki, nitabaki."

Nilijua hatanii. Ningenyamaza tu, wangeanza kufungua kamba. Niliitazama cherehani juu ya magunia. Kibanda chake kilikuwa tupu na ubao umeng'olewa, na leseni ya mwaka mpya ingemdai palepale, kazi iwepo isiwepo. Nikaomba kimoyomoyo. Sikusikia jibu, wala moyo haukusogea upande wowote. Nimeomba hivyo mara nyingi maishani, na Mungu hajaniacha. Nikakiinua kikombe tena.

"Aliyebaki ni baba yake?" nikauliza.

Bibi yule akaanza, wengine wakamfuata: "Ni baba yake."

"Mtoto amefika Kalobeyei?"

"Amefika."

"Kazi yake imesimama?"

"Imesimama."

Nikamnyunyizia maji kichwani na kifuani. Akainuka, akapangusa vumbi magotini, akapanda mbele kando ya rafiki yake. Dereva aliniuliza kama sasa anaweza kwenda, nikamwambia aende.