Unga wa Jibini na Mwiko wa Mama Mkwe

Mwaka ule wa mahindi ya manjano, wakati watu wa milimani na wa bondeni walipopanga foleni moja kwa chifu kungojea msaada, nyumbani kwetu Voi kuliingia mkebe wa unga wa jibini. Aliuleta mume wangu. Yeye alikuwa mfanyakazi wa reli pale stesheni, na rafiki yake alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii huko mbugani. Watalii walikuwa wamepungua, stoo ikafagiliwa, na wapishi wakaruhusiwa kubeba vilivyobaki. Wenye mbio walibeba sukari. Rafiki wa mume wangu alichelewa, akakuta mkebe ambao hakuna aliyeutaka. Mke wake naye akakataa usivuke kizingiti, ndipo ukapitishwa kwetu.

Nilipoufungua nilimwelewa yule mwanamke. Ulikuwa unga laini, wa manjano iliyoelekea kutu, na harufu yake ilikuwa ya soksi za mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Kishushe. Mume wangu alisimama mlangoni akauliza kama hicho ni chakula au ni cha kuulia panya.

Nikamjibu kwa madaha kwamba ni jibini. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne, bwana, na katika somo la upishi mwalimu wetu alitufundisha jibini kwa bidii sana. Aliichora ubaoni, kipande cha pembe tatu chenye matundu, tukainakili na kuipaka rangi. Kuionja hatukuionja, kwa sababu haikuwepo. Kwa hiyo jibini niliijua kama nilivyoijua theluji ya Kilimanjaro: kwa mbali, na bila kuigusa. Kwamba inaweza kuwa unga, hilo mwalimu hakulitaja. Lakini mke aliyesoma akianza kumwambia mume "sijui", ataishia wapi?

Tulikuwa tunakaa landi, zile nyumba za mstari za reli, chumba kimoja na kijumba cha kupikia kwa nyuma. Nilikuwa na jiko la makaa, pazia la maua, na kiti chenye mto nilioushona mwenyewe. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu ambao wakipewa nauli huuliza gari linaondoka saa ngapi. Mimi huuliza kama ni lazima niende. Mume wangu alizoea kusema kwamba Voi yote ikihama, mimi nitapatikana palepale, juu ya mto wangu, nikiuliza kelele ni za nini.

Basi nikaanza kuupika ule unga. Kwanza niliuchanganya kwenye ugali, nikidhani unga ni unga. Ugali ukatoka wa manjano na ukateleza sahanini kama sabuni. Jirani yangu wa ukuta, mama wa pwani ambaye mumewe alikuwa fundi wa injini, akapita mlangoni, akaiona ile rangi, akarudi. Aliongea kwa sauti ya chini kama aliyekuja matangani.

"Shoga yangu, usinifiche. Kama mmepungukiwa, sema. Mimi nawe twagawana ukuta, tutashindwa kugawana unga?"

Alidhani tunakula mahindi ya foleni. Nikacheka, nikamwonyesha mkebe, nikamweleza. Akaunusa, akaurudisha mfuniko kwa ncha za vidole, akasema atatuombea dua vilevile.

Nilijaribu kwenye uji, ukafanya mabonge. Nilijaribu juu ya ndizi za kuchemsha, zikawa kama zimemwagiwa mchanga. Siku moja nikaukoroga kwanza kwa maziwa baridi, kidogo kidogo, kisha nikauweka juu ya makaa yanayokaribia kuzimika. Hapo ukatulia. Ukawa mchuzi mzito wenye chumvi yake, na ile harufu ya soksi ikageuka kuwa harufu ya chakula cha watu wenye pesa. Nikaumwaga juu ya kimanga, yaani maharagwe na viazi vitamu vilivyopondwa pamoja hadi vikashikana. Mume wangu alikula, akafuta sahani kwa kidole, akasogea akatazama ndani ya sufuria. Tangu siku hiyo akirudi kazini salamu yake ilikuwa kuuliza kama ile dawa bado ipo.

Sasa niseme jambo lililokuwa linaninyima raha. Katika ukoo wa mume wangu, ikijulikana kwamba mke anayeishi na mumewe huko chini bondeni ameshindwa kulisha nyumba, mama mkwe hushuka kumchukua. Hakuna ugomvi. Mume hubaki na kazi yake na kitanda, na mke hupanda mlimani kulima shamba la ukoo, mpaka hali itakapokuwa nzuri. Hali ina kawaida ya kutokuwa nzuri. Mke wa shemeji yangu mkubwa alichukuliwa hivyo kutoka Bomeni, kule Taveta, akaja kwa treni na sufuria zake zikigongana kwenye gunia, na alikuwa bado yuko huko juu. Mwenyewe nilimkuta Krismasi, ameshika jembe, akaniambia kwa upole kwamba mtu huzoea.

Mimi nisingezoea. Mashamba yale yamening'inia mlimani kama nguo kwenye kamba. Mara ya mwisho nilipopewa jembe nilipalilia kidogo, nikateleza, nikapitia kwenye maharagwe ya watu watatu, na jioni watoto wa kijiji wakaja kuangalia njia niliyochonga.

Kwa hiyo kondakta wa basi la Wundanyi aliponiletea salamu kwamba mama mkwe anashuka kutuona, nilijua anakuja kuona nini. Mwaka wa njaa hakuna anayeshuka kuona pazia.

Alifika na kikapu kizito kichwani, ndizi, viazi, maharagwe, akakitua na kukaa kwenye kiti changu, juu ya mto wangu. Nikaona ni dalili mbaya. Kwao wana desturi: siku ya kwanza mgeni hula cha kikapu chake, ya pili hula cha nyumba, na hiyo ya pili ndiyo hupima nyumba. Siku ya kwanza nilimpikia ndizi zake, akala, akaniuliza habari za afya, akaniita mwanangu. Alikuwa mama mrefu, mwenye maneno machache, na ugali wake ulikuwa maarufu. Akimaliza kusonga huusimamisha mwiko katikati ya sufuria, nao husimama wima kama mlingoti wa simu. Kwangu mwiko ulikuwa unalala. Hilo alilijua tangu mwaka nilioolewa, na hakuwahi kulisema mbele yangu, ambayo ni njia mbaya zaidi ya kulisema.

Siku ya pili nikaamua kung'aa. Nitampikia kimanga cha jibini, aone kwamba mke wa mwanawe analisha nyumba kwa vitu ambavyo hata mlimani havijafika. Niliponda maharagwe, nikakoroga mchuzi wangu, nikamimina kwa mkono wa ukarimu. Kumbe nilipotoka kuchota maji kwenye mfereji, yeye alikuwa ameingia jikoni kutafuta chumvi na kuufungua mkebe.

Tuliketi kula. Alitazama ile manjano iliyotapakaa juu ya kimanga, akala vijiko vichache, akaweka kijiko chini. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe, akamuuliza taratibu, "Huu ugonjwa wa kuficha njaa umeutoa wapi?"

Mume wangu, mtu anayeongoza treni nzima kwa bendera, akageuka kuwa mtoto aliyevunja mtungi. Mama akaendelea kwamba ameuona unga wa foleni kwenye mkebe, umewekwa juu kabisa, umefunikwa kwa kitambaa. Hakuna aibu kula msaada, alisema. Aibu ni kumpakia mgeni msaada juu ya maharagwe ukasema umempikia. Na kama nyumba imefika hapo, basi kesho atapanda na mimi.

"Mama, si mahindi," nikasema. "Ni jibini. Ni maziwa ya ng'ombe."

"Maziwa," akasema. "Ndovu wa huku najua ni wekundu kwa kujigaragaza vumbini. Na maziwa yenu hujigaragaza?"

Nikamweleza vile nilivyokumbuka kutoka ubaoni: yanagandishwa, yanakamuliwa maji, yanakaushwa, yanasagwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani mwaka huu mwenye maziwa ya kuzidi mpaka ayapeleke kwa mashine ya kusaga. Swali lilikuwa zuri. Kidato cha nne chote hakikunipa jibu. Mume wangu alijaribu kusema habari za hoteli na rafiki yake mpishi, lakini mtoto anayemtetea mkewe mbele ya mamaye huonekana amelishwa kitu, na katika hali ile ilikuwa kweli.

Mama mkwe akanawa mikono. "Unga haufichiki," akasema. "Teleka maji. Ukisongeka, ni mahindi, na kesho unafunga sufuria zako. Usiposongeka, nitajua mimi ndiye nisiyejua."

Nikateleka maji. Katika maisha yangu nimeomba ugali wangu usiharibike mara nyingi, na ukaharibika. Siku ile niliomba uharibike. Maji yalipochemka nikachukua mwiko, na hapo ndipo mama mkwe akasema lile aliloliweka moyoni tangu harusi.

"Wewe kaa. Wako haushikani hata ukiwa wa mahindi."

Mume wangu akapatwa na kikohozi, akageukia ukutani.

Mama akajifunga leso kiunoni, akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko langu, akaanza. Alitia konzi, akakoroga. Alitia tena. Mchuzi ukavimba, ukawa mzito, ukatoa povu, na mimi nikaanza kuwaza gunia la kutilia sufuria. Sikujua, kusema kweli, kwamba usingesongeka. Mwalimu hakutuambia jibini ikisongwa hufanyaje. Nadhani hata wenye jibini yao hawajawahi kufikiria. Alitia konzi nyingine, akabana sufuria kwa mguu na kitambaa, akakandamiza kwa ule mkono uliolea watoto wa watu na kulima kilima kizima. Harufu ikajaa landi nzima. Ng'ambo ya ukuta nikamsikia jirani akifunga dirisha.

Halafu ule uzito ukakatika. Unga ukajikusanya mabonge upande mmoja, maji upande mwingine, na juu yakaelea macho ya mafuta, makubwa, ya dhahabu. Mama mkwe akakoroga kwa nguvu zaidi, na sasa niliona hasongi tena ili kunipima. Alikuwa anashindana na sufuria. Ugali haukuwahi kumshinda. Akausimamisha mwiko katikati. Ukalala. Akausimamisha tena, akauachia polepole kama mtu anayemwachia mtoto anayejifunza kutembea. Ukalala upande wa pili.

Akapitisha kidole kwenye mwiko, akakilamba, akafikiri. Akalamba tena.

"Mafuta haya si ya mahindi," akasema. Kisha akaongeza: "Ni maziwa. Aliyeyatesa hivi ni nani?"

Hakuomba radhi, na mimi sikutegemea. Alivuta ile sahani ya kimanga aliyoiacha, akala mpaka akaimaliza, kisha akasema kina chumvi nyingi. Kilikuwa na chumvi nyingi. Mume wangu ndipo akageuka kutoka ukutani, kikohozi kimepona.

Lakini kuhusu kupanda mlimani hakusema lolote, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nililala nikiwaza kwamba kushindwa kwa unga ni kitu kimoja, na ugali wangu unaolala ni kitu kingine, na huenda akanichukua kwa hicho cha pili.

Asubuhi nikajaza kikapu chake, maana kikapu kilichokuja na chakula hakirudi kitupu. Niliweka sukari, sabuni na viberiti. Akachungulia, akasukuma sabuni pembeni.

"Na ile," akasema. "Kidogo. Wa huko juu hawataniamini kwa maneno."

Nikamtilia kwenye chupa ya jemu, nikaifunga kwa kitambaa kwa vile kifuniko kilikuwa kimepotea. Nikambebea kikapu mpaka stendi, nikitembea nyuma yake, nikihesabu moyoni vitu ambavyo sikuvifunga: pazia, jiko, mto. Basi la Wundanyi lilikuwa linanguruma tayari. Alipanda ngazi, akageuka, akanyoosha mikono akapokea kikapu kutoka kwangu. Nikabaki nimesimama, mikono mitupu, nisijue nipande au nisipande.

"Unangoja nini?" akaniuliza. "Rudi kwako, mwanangu. Ile sufuria ikikauka haitasugulika."

Basi likaondoka. Nililitazama likishika njia ya Mwatate, yeye amekaa dirishani na kikapu mapajani, ameinua kichwa. Kabla halijafika kwenye kona nikaona madirisha yake yakianza kufunguliwa, moja baada ya jingine, kuanzia pale alipoketi.

Nikarudi kwangu. Jirani alikuwa mlangoni anafagia vumbi lisiloisha la Voi, akaniuliza kama dua yake ilifika. Nikamwambia ilifika, na shukrani zake ziko ndani ya sufuria kama anazitaka. Akasema hapana, shoga, niliyokuombea ni yako yote. Jibini ilikuwa imeganda sufuriani kama lami. Nikachukua kijiko kikuukuu na mchanga, nikaketi juu ya mto wangu, nikaanza kukwaruza.