Marahaba Niliyonyimwa

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka damu hunichemka, na jana wewe ulinikumbusha, mwanangu. Uliingia hapa Msambweni kwa madaha, mtoto wa dada yangu, fulana ya kazi mpya kifuani, umepata kazi ya kuwaonyesha wateja gemu katika duka kubwa kule Diani. Nilifurahi, hata nikakukaangia samaki. Kisha ukaanza kunisimulia alichokufundisha tajiri wako, huku unacheka: "Mama mdogo, dogo akikolea tu, nazima gemu. Analia mpaka mzazi anatoa kadi!" Nikaisukuma sahani yangu kando. Basi leo kaa kitako, maana mimi sicheki.

Kazi hiyo niliifanya kabla hujazaliwa, katika duka la vyombo vya umeme pale Ukunda. Palikuwa na televisheni moja, mgongo umetuna, na gemu ya kijimtu kinachoruka madaraja. Mimi hasa nilipenda vitabu. Riwaya zote aliniazima Mwalimu Mwanasha, aliyenisomesha shule ya msingi, na chini ya kaunta hakikukosekana kimoja. Nilikuwa na waandishi wangu kama nyinyi mlivyo na timu zenu za mpira. Nilimpenda zaidi mmoja mwenye inda: mlango unagongwa, sura inakwisha, ukifungua sura ya pili anakuanzishia habari za shamba la shangazi. Nilimtukana, na bado sikulala mpaka nijue nani aliyegonga.

Tajiri wangu akanifuma nikisoma. Badala ya kufoka akauliza kitabu kina utamu gani, nami kwa kujitapa nikamweleza namna mwandishi anavyokata pale pale msomaji alipokolea. Akacheka, akapiga kaunta.

"Basi fanya hivyo hivyo na watoto. Akifika darajani, zima. Mtoto asipolia, mzazi hanunui."

Mpaka leo kicheko kile kinanitia hasira. Alikichukua kitu nilichokipenda kuliko vyote akakifanya ndoano, na mimi ndiye niliyemkabidhi.

Wa kwanza alikuwa mvulana mdogo, amefuatana na mama yake aliyekuja kununua pasi. Mama alikuwa mfagiaji wa hotelini, bado yumo ndani ya sare. Mtoto akakirusha kijimtu, kikaanguka, akakirusha tena, ulimi nje kwa bidii. Alipofika darajani tajiri akanikonyeza, nikazima. Akajitupa sakafuni akilia. Watu wakageuka kutazama. Mama yake, kwa haya, akamzaba kofi, akaiacha pasi juu ya kaunta, akamburura nje. Kofi lile lilitustahili mimi na tajiri wangu, akalila mtoto.

Nilipoinua macho, Mwalimu Mwanasha amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitika. Mwanangu, umwamkie mtu mzima wa pwani akutazame tu, asiitike! Heri angenitukana.

"Vitabu nilikuazima ili ujifunze haya?" akasema. "Mwandishi akikukatia hadithi, ukurasa wa pili umo mkononi mwako. Wewe umemkatia mtoto, na wa pili umeufungia kabatini mpaka mzazi alipe. Huo si ufundi, ni unyang'anyi."

Akaenda zake. Nilimkasirikia, tena sana. Nilisema moyoni, yeye ana pensheni yake, mimi nina nini? Lakini mkono wangu haukuzima tena. Watoto wakamaliza madaraja yao, wakapeana zamu, na kabla mwezi haujaisha tajiri akanifukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyataja mbele yako. Nilipokwenda kwa Mwalimu kurudisha kitabu, shikamoo yangu haijanitoka vizuri, yeye kishasema, "Marahaba, mwanangu, marahaba." Akanipa kitabu kingine.

Sasa usiniambie mwenye njaa hana miiko. Samaki wangu umemla mpaka miba. Wala usiniambie ndivyo kazi ilivyo, kwani maneno hayo niliyasema mimi kabla yako na hayakunisaidia. Hao matajiri wenu wamebadilisha televisheni tu. Tabia ni ile ile. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nao wameujua vya kutosha kuufanyia biashara. Na wewe, uliyelelewa na dada yangu kwa adabu, unawashikia taa!

Nasaha yangu ni hii. Ionyeshe gemu kwa ufundi wako wote. Sifu, chezesha, uza. Kuuza si dhambi. Lakini mtoto ukimwanzishia kitu, mwache afike ng'ambo ya daraja, kisha umwambie kwa upole kwamba zamu ni ya mwenzake. Fanya hivyo hata kwa yule ambaye mzazi wake amekuja kununua pasi tu. Tajiri akikufukuza, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Njoo hapa, kitanda kipo na vitabu vipo.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki isiyo na chozi la mtoto ndani yake, na akupe uso wa kukutana na mzazi yeyote njiani bila kuinamisha macho. Asubuhi hii uliniamkia, nikanyamaza, ukadhani sikusikia. Nilisikia. Nenda kazini, waache watoto wamalize, kisha rudi uniamkie tena.